Kwa Nini Mtindi wa Bitiruti Huachia Rangi na wa Manjano Hauachii

Wiki iliyopita mteja wetu mmoja wa Kijitonyama aliturudishia kopo la mtindi wa bitiruti akiwa na shaka kwamba tumeutia rangi ya dukani, kwa sababu maji yaliyojitenga juu yake yalikuwa mekundu kabisa, ilhali mtindi wa kiungo cha manjano alioununua siku hiyo hiyo maji yake yalikuwa ya kawaida. Alikuwa na haki ya kuuliza, na tunamshukuru.

Takriban asilimia 80 ya protini ya maziwa ya ng'ombe ni kaseini, iliyojikusanya katika chembe ndogo mno zenye sehemu zinazokwepa maji. Kukumini, yaani rangi iliyomo kwenye manjano, nayo haipatani na maji. Ikikorogwa katika maziwa hujificha kwenye sehemu hizo na kwenye mafuta, ikang'ang'ania humo, na maziwa yanapoganda hubaki ndani ya donge. Betanini, yaani rangi ya bitiruti, huyeyuka katika maji na kuishika kaseini kwa ulegevu tu, hivyo maji yakitoka, nayo hutoka.

Jambo hili mnaweza kulishuhudia nyumbani. Mimina kila mtindi katika kitambaa chake cha pamba, ukininginize juu ya bakuli kwa saa mbili, kisha linganisha maji yaliyochuruzika. Kitambaa cha mtindi wa manjano kitabaki na doa, kwa kuwa kukumini huushika uzi pia. Ukikifua kwa sabuni ya mche doa litageuka jekundu kama kutu. Usishtuke, suuza vizuri na ukianike juani, kwani mwanga huififisha rangi hiyo.

Rosela (choya) hatuichanganyi na mtindi kabisa, bali tunaiweka chini ya kopo kama sharubati nzito. Wekundu wake hutegemea uchachu mkali, nao uchachu wa mtindi hautoshi, hivyo ikikorogwa hupauka. Isitoshe, kaseini hushikamana na vile viini vya rosela vinavyoleta ukakasi ulimini, kama maziwa yanavyoupunguza ukakasi wa chai ya rangi, na sisi tunaupenda ukakasi huo ubaki.

Kuhusu bitiruti, joto huiharibu rangi yake. Kwa hiyo tunayapasha maziwa hadi nyuzi joto 85 kwa dakika 30, tunayapoza hadi 43, ndipo tunatia juisi pamoja na mtindi wa kugandishia. Kwa wasiopenda maji mekundu, sasa tunatengeneza pia mtindi mzito unaochujwa kwanza na kutiwa juisi baadaye, ambao maji ya kujitenga ni machache sana. Kwa kuwa kuchuja huchukua usiku mzima, tunaomba oda zake zitufikie kabla ya saa kumi jioni ya siku iliyotangulia.