Mazengo wako anakula nini?

Mwanangu Neema,

Mbukwa. Hadithi yako nimeimaliza. Mazengo, yule mtoto yatima wako, anapolala chini ya meza ya nyanya pale Soko la Majengo, Dodoma, nimemwamini. Nimekwama ukurasa wa mwisho, tajiri anaposhuka garini na kugundulika kuwa ni mjomba wake. Mjomba huyo ni mzee sana vitabuni.

Mtazame Oliver Twist, yatima wa riwaya ya Mwingereza Dickens iliyoanza kuchapishwa 1837. Kwenye nyumba ya maskini walikula uji mwepesi mara tatu kwa siku, kitunguu mara mbili kwa wiki, na nusu ya mkate mdogo Jumapili. Wavulana wakapiga kura nani aende kuomba nyongeza, ikamwangukia Oliver. Ombi lile linauma kwa sababu kipimo tunakijua. Halafu Dickens anaharibu: Oliver, aliyezaliwa humo humo na kukulia kwenye tawi lake, anaongea kama mtoto wa bwana mkubwa, na mwishowe anaonekana ana damu ya watu wenye nafasi. Kumbe wema nao ni urithi? Mwenzake Dick, asiye na ndugu wa kujitokeza, tunaambiwa tu kwamba amekufa.

Jane Eyre wa Charlotte Brontë (1847) naye anarithi, pauni 20,000, ila tangu ana miaka kumi anamjibu mke wa mjomba wake usoni. Ana hasira. Mazengo hana, kila akipigwa anashukuru. Kongowea wa riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora hangojei kupatikana, anatoka Tanga na kwenda Kenya kumtafuta baba.

Kwa hiyo mfute mjomba. Mtoto akiokotwa sokoni, ofisa ustawi wa jamii anamfungulia faili na kuanza kutafuta ndugu. Makao ya watoto huja ndugu wakikosekana au wakishindwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 ina malezi ya kambo pia, yaani mtoto kulelewa kwa muda na familia isiyo yake. Tena si kila aliyeko makao amefiwa. Mpe Mazengo bibi aliye hai Kongwa, asiyeweza kumlisha, na hadithi itapata uzito bila msiba wa tatu.

Sahani pia uiangalie. Umeandika "alishiba, akasahau njaa". Njaa ya muda mrefu haisahauliki kwa mlo mmoja. Mtoto wa hivyo huficha tonge la ugali chini ya godoro huku sufuria bado imejaa. Siku ya tatu linaota ukungu, na mlezi analijua kwa harufu. Akilitupa kwa kelele, kesho yanafichwa mawili.

Na huyo mlezi usimwite Mama Huruma. Mpe jina la mtu.

Baba yako,
Makole