Barua kwa mwanangu: na Kiingereza nacho kimekopa

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, pamoja na maneno ya mwenzako wa bwenini: eti Kiswahili ni Kiarabu kilichovishwa kanga, ila Kiingereza ndicho chenye maneno yake. Sarufi yetu ni ya Kibantu, hilo halina ubishi. Lakini usigombane naye. Muulize tu "zero" ni ya nani.

Sisi tunasema sifuri, kutoka Kiarabu "sifr", yaani tupu. Mwaka 1202 Mwitalia Fibonacci aliandika kitabu cha hesabu kwa Kilatini, akaliita "zephirum". Waitalia wakalifupisha kuwa "zero", likapitia Ufaransa hadi Uingereza. Sifr hiyohiyo, kwa njia nyingine, ikawa "cipher", maandishi ya siri.

"Tariff" je, ule ushuru wa forodhani? Ni ndugu wa taarifa: orodha ya kumjulisha mfanyabiashara anadaiwa nini. "Admiral" naye ni amiri, kama wetu wa Amiri Jeshi Mkuu. Ile "al" ya mwisho ni mabaki ya Kiarabu, na "d" ilichomekwa kwa kulichanganya na neno la Kilatini la kustaajabia. Hapo nilicheka peke yangu.

Ninalolipenda zaidi ni "magazine". Asili yake "makhazin", maghala, mzizi uleule wa hazina. Waingereza walilitumia kwa ghala, hasa la silaha na baruti, mpaka mwaka 1731 Edward Cave wa London alipoanzisha The Gentleman's Magazine, akimaanisha ghala la habari na makala. Ndiyo maana leo neno hilo moja ni jarida, na ni kile kikasha cha risasi kwenye bunduki.

La baharini nimemwachia babu yako, naye hakunyamaza: "monsoon" ni "mawsim", msimu wetu huu. Wareno walilibeba, Waingereza wakalipokea, nazo pepo ni zilezile za kaskazi na kusi zilizokuwa zikileta majahazi.

"Safari" walichukua kwetu karne ya 19, nasi tulishalipata kwa Waarabu. Kwao likapungua: mtu akisema yuko safari, wanamuuliza ameona simba wangapi. Mimi nauliza basi lako la Ijumaa linatoka Dodoma saa ngapi, nijue wa kukupokea stendi.

Mama yako