Kabla hujamuuliza alikuwa anatoka wapi

Kwa akina mama wa soko letu hapa Busia, upande wa Uganda, na kwa waume na vijana wao wa boda na mikokoteni,

Wanangu, salaamu. Nimekuwa mkunga miaka 31 na wengi wenu nimewapokea kwa mikono hii, basi mtaniruhusu niseme wazi. Wiki hii, kwenye meza za samaki, nimesikia mkimzungumzia binti aliyebakwa akitoka kufunga biashara. "Mbona hakupiga kelele?" "Na ile sketi yake?" Sikupata usingizi, kwa sababu swali kama hilo liliwahi kutoka kinywani mwangu.

Mwaka 2011, alfajiri, muuza mandazi mmoja alinigongea mlango. Ndala moja mguuni, nyingine mkononi, mkanda umekatika. Kitenge amekizungusha mara mbili kiunoni na kukikaza fundo. Sijampa hata maji, nikamuuliza, "Ulikuwa unatoka wapi saa hizi?" Akanitazama, kisha akasema, "Tumbo tu linaniuma, bibi." Nikampa dawa ya tumbo. Ndiyo dawa aliyoondoka nayo. Ukweli aliniambia miaka miwili baadaye, na kufikia hapo sikuwa na la kumpa ila kumwomba msamaha.

Hiyo ya kelele niwaeleze. Mtu akishikwa na hofu kubwa, mwili wake unaweza kuganda. Sauti haitoki, miguu haiendi, naye hakuchagua iwe hivyo. Baadaye atasimulia vipandevipande, la mwisho mwanzoni, na mengine hayakumbuki kabisa. Mwingine atalia, mwingine ataamka kesho yake apange nyanya zake kama kawaida. Msimpime ukweli kwa machozi. Mwambieni, "Nakuamini. Si kosa lako." Kisha nyamazeni, na msimguse mpaka akubali.

Halafu kuna saa. Dawa ya kuzuia Ukimwi ianzwe ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na hunywewa siku 28. Vidonge vya kuzuia mimba vinafaa hadi siku 5, lakini kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kwa hiyo twende kituo cha afya kwanza, hata kama bado hajaamua kushtaki. Akiweza, asioge kabla hajapimwa. Nguo alizovaa zifungwe kwenye karatasi, si kwenye kavera, ile mifuko ya plastiki, maana kavera hushika unyevu na ushahidi huoza. Akitaka kushtaki, polisi wana fomu 3A ambayo mhudumu wa afya huijaza baada ya kumpima. Aliyeumizwa ni mtoto? Pigeni 116, ni bure.

Sasa nije kwa wazee, na hapa sitapunguza makali. Mbuzi wawili na bahasha kwa baba wa msichana, mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, si hukumu. Baraza hilo halina mamlaka juu ya ubakaji. Hilo ni kosa la jinai, na kesi yake huenda Mahakama Kuu. Nimemwona binti akipishana kisimani na mtu aliyemharibu, huku mbuzi wa yule mtu wakila majani nyuma ya nyumba yao. Nani kati yenu angeweza kunywa maziwa hayo?

Na msidhani ni wasichana peke yao. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2007, kosa la kumnajisi mtoto chini ya miaka 18 linamlinda mvulana pia. Matanboi, wale wasaidizi wa madereva wa malori wanaolala hapa mpakani wakisubiri kuvuka, wamo watoto wa watu. Kijana akikwambia, usicheke. Wanaume huficha hata zaidi, wakiogopa kuambiwa si wanaume.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo gumu. Huruma ya wiki ya kwanza haitushindi. Tunachoka miezi sita baadaye. Kesi inaahirishwa, nauli inaisha, na harufu ya mafuta fulani ya nywele inamrudisha usiku ule akiwa katikati ya kupima mchele. Akichelewa kurudisha mkopo wa kikundi, msimwite mvivu. Kikundi kitenge fungu la nauli ya hospitali na mahakama. Siku ya kesi mmoja ashike meza yake, mwingine aende naye, na habari yake isivuke mdomo wa mtu bila ruhusa yake. Akisema hataki kushtaki, ni uamuzi wake, mradi awe mtu mzima na ameelezwa yote.

Huyu binti wa wiki hii meza yake bado imefunikwa turubai. Jumatatu nitaifungua mimi, niuze dagaa wake mpaka jioni. Anayeweza Jumanne, aje aniambie kimyakimya.

Bibi yenu, mkunga