Jiandikishe Mahali Unapolala: Barua ya Wazi kwa Wapangaji na Vijana wa Busia

Wanangu wa steji zote za boda boda, mnaosukuma mikokoteni na kupakia magunia, binti zangu mnaotandaza nyanya na mitumba sokoni, na nyote mliopanga chumba hapa upande wa Uganda,

Salaam nyingi. Wiki iliyopita, saa mbili usiku, kijana mmoja alinibishia hodi. Alikuwa na karatasi ya mkopo wa pikipiki mkononi, imekunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kuchanika. Alitakiwa kuleta barua ya LC, yaani baraza la mtaa. Mchana alikwenda kwa chemani, mwenyekiti wa LC, akaambiwa, "Wewe sikujui." Kijana huyo ameishi kwenye selo yetu, yaani kijiji chetu cha hapa mjini, miaka sita, na mtoto wake wa kwanza amezaliwa hapa hapa. Nikamuuliza kama jina lake limo kwenye daftari la wakazi. Akanijibu, "Mzee, mimi si wa hapa, ni mpangaji tu. Kura yangu iko kwetu Namayingo."

Hiyo "mpangaji tu" ndiyo iliyonikosesha usingizi. Wengi wenu mnaisema kila siku kana kwamba ni sheria. Sheria haisemi hivyo hata kidogo. Baraza la kijiji, yaani LC1, ni la kila raia mwenye umri wa miaka 18 na zaidi anayeishi kijijini hapo. Haiulizi kama una kiwanja. Haiulizi babu yako amezikwa wapi, wala kama nyumbani kwenu mnasema Kisamia, Kiteso, Kiganda au Kiswahili. Inauliza unaishi wapi, basi. Mwenye nyumba ana kura moja, na wewe unayemlipa kodi una kura moja sawa na yake.

Mchanganyiko unaanzia hapa, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Kuna madaftari mawili. La kwanza ni daftari la taifa, ambalo Tume ya Uchaguzi huliandaa kwa uchaguzi wa rais, wabunge, na viongozi wa LC3 (kata ndogo) hadi LC5 (wilaya). Humo sheria inakuruhusu kuandikwa kwenye parishi unakoishi au kwenye parishi ya asili yako. Kijana wangu wa Namayingo hakukosea kuandikwa kwao kwa ajili ya kura hizo. Daftari la pili ni la wakazi wa kijiji, kwa ajili ya LC1. Hili halina habari na asili. Ni la hapo unapolala, na kuwamo kwenye lile la taifa hakukuingizi kwenye hili. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na kitambulisho cha taifa, amempigia kura rais mara tatu, na siku ya LC1 akaambiwa jina lake halimo.

Tume ikitangaza kuandikisha wakazi, maofisa wake hukaa kijijini kwa siku chache tu. Hapa mjini kijiji tunakiita selo na parishi tunaiita wodi, kwa hiyo msidanganyike mkisikia tangazo la redio likitaja "vijiji" mkadhani ni la watu wa shamba. Nenda mwenyewe. Jina haliandikwi kwa kutumwa wala kwa simu. Ukifika, sema jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, na taja nyumba unayoishi. Kisha kaa hapo hadi uone limeandikwa. Nasema hivyo kwa sababu kalamu nimewahi kuishika mimi. Enzi za RC (Resistance Council, jina la zamani la mabaraza haya), kabla ya katiba ya 1995 kutuletea jina la LC, nilikuwa katibu wa RC1. Daftari letu lilikuwa la shule, la mistari, jalada lake limetoka rangi kwa jasho la mikono. Niliandika "Wandera" mara tatu kwenye ukurasa mmoja, na watu watatu tofauti wakaja kudai mstari mmoja. Kosa lilikuwa langu, na mmoja wao hakupata kusimama kwenye mstari wa kura siku ya uchaguzi.

Baada ya kuandikisha, majina hubandikwa hadharani. Watu hupita hapo wakielekea dukani bila hata kugeuza shingo. Tafadhali simameni. Tafuteni jina lako, la mkeo, la jirani. Likikosekana au likiwa na kosa, lalamika wakati huo huo kwa ofisa aliyepo, kwa sababu siku ya kura hakuna anayeandikwa. Angalieni pia majina yasiyopaswa kuwamo. Mwaka 2018 nilikuta jina la mtu ambaye mimi mwenyewe nilisaidia kumbeba kwenda makaburini. Jina la marehemu likibaki pale, kuna aliye hai anayelipangia matumizi. Una haki ya kusema huyu hayupo, au huyu alihama.

Mwaka huo wa 2018 tulikuwa tumekaa miaka 17 bila kuchagua LC1, tangu 2001. Fikirini. Mtoto aliyezaliwa uchaguzi ule alikuwa karibu kufikia umri wa kupiga kura yeye mwenyewe. Halafu waliochaguliwa 2018 muda wao wa miaka 5 ulipoisha mwaka 2023, ukawa unaongezwa na kuongezwa. Nafasi hii haiji kila msimu wa mvua. Ikija ikakupita, utaishi na muhuri wa mtu usiyemchagua kwa miaka usiyoijua idadi.

Uchaguzi ule wa 2018 ulikuwa Jumanne, tarehe 10 Julai. Sisi tulipanga mstari uwanjani nyuma ya wagombea wawili. Kura ya LC1 haina karatasi wala sanduku. Unasimama nyuma ya unayemtaka, au nyuma ya wakala wake, au picha yake, au alama yake, na unahesabiwa ukiwa umesimama. Chini ya mwembe pembeni palikuwa na vijana kumi na mmoja wa boda boda wamekaa juu ya pikipiki zao, wanatazama. Nawajua ni kumi na mmoja kwa sababu niliwahesabu baadaye, kichwa baada ya kichwa, nikiwa nimeshasikia matokeo. Mgombea waliyekuwa wakimsifu kila jioni steji, aliyewasaidia walipokamatiwa pikipiki, alishindwa kwa watu wanne. Wote kumi na mmoja walikuwa wapangaji, na hakuna hata mmoja aliyejiandikisha.

Najua baadhi yenu hamkusimama kwa sababu ya hofu, si kwa kupuuza. Mwenye nyumba yuko mstari ule kule, anakutazama. Unamdai, anakudai. Dada mmoja aliniambia, "Mzee, nikisimama nyuma ya yule mama, kesho kodi inapanda." Siwezi kuwaambia hofu hiyo haina msingi, kwa sababu kura ya mstari ni kura ya macho. Ninachoweza kuwaambia ni nilichokiona: anayesimama peke yake anaonekana, lakini wapangaji arobaini wakisimama pamoja hakuna mwenye nyumba atakayewapandishia kodi wote. Njooni kwa makundi. Njooni steji nzima, au mstari mzima wa wauza samaki. Na anayekuja usiku na sabuni, sukari au noti ya elfu tano ili usimame kwake, anavunja sheria, na akishinda anaanza kwa kuzitoa tena zile pesa zake mfukoni mwako.

Shemeji zetu wa upande wa Kenya wakisikia habari ya mstari wanatikisa kichwa. Wanakumbuka mlolongo wa 1988, uchaguzi wao wa kupanga mstari, ambapo mstari mrefu ulitangazwa kuwa mfupi mbele ya macho ya watu. Wana haki ya kukumbuka. Somo ninalolichukua kwao ni kwamba mstari unalindwa na waliosimama humo. Hesabu ikianza, hesabuni nanyi kwa sauti. Msitoke mstarini kwenda kunywa maji kabla hesabu haijaisha. Matokeo yatangazwe pale pale uwanjani, yaandikwe pale pale, mawakala waweke sahihi mkiwa mnatazama. Karatasi ikiondoka uwanjani bila kujazwa, pigeni kelele wakati huo, si kesho yake kwenye kituo cha chai.

Tena kuna jambo ambalo karibu watu wote huliacha. Mshindi akitangazwa, watu hushangilia au hununa, kisha huenda zao. Kazi haijaisha. Halmashauri ya LC1 ina watu kumi. Baadhi huingia kwa sababu wanaongoza baraza la wanawake, la vijana na la watu wenye ulemavu. Wengine, yaani makamu, katibu mkuu, katibu wa usalama, wa fedha, wa habari, na wa uzalishaji na mazingira, mwenyekiti huwapendekeza na mkutano wa wakazi ndio unaowapitisha. Mkiwa mmeondoka, anawapitisha shemeji zake. Watu hao kumi ndio hukaa mahakama ya LC1 ukigombana na jirani juu ya deni, au mtu akikuharibia mali. Ndio pia wanaokwenda kumchagua mwenyekiti wa LC2, yaani wa parishi, kwa sababu huyo wewe humchagui moja kwa moja. Na kwenye parishi ndiko zinakoshukia zile shilingi milioni 100 kwa mwaka za Mpango wa Maendeleo wa Parishi. Kama hujulikani kwenye selo, nani atasema kwamba wewe ni mkazi anayestahili?

Binti zangu, ninyi mna zaidi ya kura moja. Msichana wa miaka 25 ni mkazi wa LC1, ni mwanachama wa baraza la wanawake la kijiji, na ni kijana, maana baraza la vijana ni la walio na miaka 18 hadi 30. Ulizeni daftari la kila baraza linaandikwa lini. Hayaandikwi yote siku moja.

Kuhusu LC3, meya na LC5 sitasema mengi, kwa sababu huko kura ni ya siri na wengi mnaijua. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, na aliyefika kwenye foleni kabla ya saa 10 ana haki ya kupiga. Unatambuliwa kwa daftari la taifa na alama za vidole. Kama umeandikwa kwenu mbali na unajua hutapata nauli wala ruhusa ya kusafiri siku hiyo, omba kuhamishiwa kituo cha hapa wakati Tume inaposasisha daftari. Baada ya hapo mlango hufungwa.

Kitambulisho nacho msikiache. Vile vilivyotolewa kuanzia mwaka 2014 vilikuwa vya miaka 10, kwa hiyo vitazameni tarehe ya mwisho. Kukipata mara ya kwanza ni bure. Ukikipoteza, kukitafutia kingine ni shilingi 50,000, siku kadhaa za kazi kwenye pikipiki. Tena fomu ya kujiandikisha NIRA, mamlaka inayotoa vitambulisho, inarudi kule kule, kwa muhuri wa LC1.

Neno moja kwa tunaoishi huku na huku. Wapo kati yenu wenye mama Busia ya Kenya na baba Busia ya Uganda. Hilo si dhambi, jina boda boda lenyewe limetokana na kuvuka mpaka huu. Lakini daftari la selo ni la raia wa Uganda wanaoishi humo. Usimlete binamu yako kutoka ng'ambo asubuhi ya kura kuja kuurefusha mstari. Mkazi halisi akimtambua, mstari wenu wote utatiliwa shaka, na waliosimama kihalali watapoteza pamoja naye.

Kwa chemani wetu nami nina huruma. Kwa miaka mingi malipo yake kutoka serikalini yamekuwa shilingi 120,000 kwa mwaka mzima, elfu kumi kwa mwezi. Mtu anaamshwa usiku wa manane kwa ugomvi wa mume na mke kwa pesa hiyo. Lakini shida yake haimpi ruhusa ya kumwambia mkazi wa miaka sita kwamba hamjui. Tukiwa tumeandikwa, hataweza kusema hivyo.

Yule kijana wa mkopo nilimpeleka kwa chemani asubuhi iliyofuata, nikasimama naye mlangoni, akapata barua yake. Sitaweza kusimama na kila mmoja wenu. Kwa hiyo Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, nitakuwa chini ya ule mwembe na daftari jipya la mistari. Si daftari la Tume, wala halimwandikishi mtu. Ni la kujua wapangaji tuko wangapi, nyumba kwa nyumba, ili Tume ikija tujue nani bado hajaenda na nani wa kumfuata mlangoni. Kila mwenyekiti wa steji aje na orodha ya watu wake. Binti zangu wa sokoni, chagueni mmoja wenu aje na kalamu, maana macho yangu hayaoni tena vizuri ikifika magharibi.

Mzee wenu,
katibu wa zamani wa RC1, Busia