Barua kutoka Ixelles

Ixelles, Brussels

Ndugu yangu Idrisa,

Salamu sana. Sisi huku wazima, wasiwasi ni juu yenu mlio mbali. Barua yako niliipata, na swali lako ndilo hilohilo la mke wangu: kwa nini mtu mzima adamke Jumapili kwenda kupekua santuri kuukuu, na muziki wenyewe umo kwenye simu?

Hapa kuna soko la mitumba, Place du Jeu de Balle, linalofunguliwa kila siku asubuhi. Wachuuzi humwaga chini mali za nyumba za marehemu: vikombe, picha za harusi, santuri. Wiki mbili zilizopita, chini ya rundo la nyimbo za Krismasi, nikaiona Sam' Suffy, albamu ya mpiga kinanda Marc Moulin, chapa ya kampuni ya CBS ya mwaka 1975. Idrisa, mikono ilinitetemeka. Nikaiinamisha kwenye mwanga kutazama mikwaruzo, nikasoma namba iliyochorwa karibu na lebo, maana hiyo ndiyo husaidia kujua ni chapa ipi. Upande wa kwanza una mkwaruzo mmoja mrefu. Niliinunua hivyohivyo.

Moulin alizaliwa humuhumu Ixelles, mwaka 1942, kwenye manispaa ileile yenye Matonge, mtaa wa Wakongo ninakonunua samaki na pilipili. Kabla ya santuri hiyo alikuwa na bendi, Placebo (si wale wa roki wa London waliokuja baadaye), iliyotoa albamu 3 tu kati ya 1971 na 1974. Wapiga vinanda wengi wa jazi-fanki wakati ule walijaza kila upenyo kwa vidole. Moulin alikuwa na subira. Anabonyeza Rhodes yake, kile kinanda cha umeme, anaiacha sauti ife, besi inapita, ndipo anarudi.

Na wewe muziki wa aina hii unaujua. Ule mdundo wa Jay-Z uliokuwa ukiupiga dukani, D.O.A. wa 2009, umekatwa kutoka santuri ya mtunzi Janko Nilović, Soul Impressions, iliyotolewa Paris. Hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya wanunuzi wa madukani. Ilikuwa ya watu wa redio, televisheni na filamu, wapate sauti za kuweka nyuma ya picha. Kazi nzuri namna ile, ikalala makabatini miaka na miaka mpaka wasaka santuri wakaifukua.

Kinachoniuma ni wale wanaozifukua kisha wakazizika tena. Niliwahi kukaribishwa kwa mmoja: rafu mpaka darini, kila santuri ndani ya nailoni, na gramafoni yake haina sindano. Anangoja bei ipande. Nilimkumbuka marehemu mjomba wako pale Tanga, alivyozifuta santuri za Atomic Jazz kwa kipande cha kanga, kisha akafungua milango yote ili majirani nao wasikie.

Nimekununulia albamu ya Placebo iitwayo 1973, iliyochapwa upya. Dada ataileta Desemba. Tafadhali usiipige kwa sindano ile ya zamani, itaichimba, badilisha kwanza. Halafu fungua milango.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Wako,
Salim