Kompyuta za shule visiwani: nani atanunua betri?

Mhariri,

Maboksi ya kompyuta za msaada kwa shule yakiteremshwa gatini Amu (Lamu), picha hupigwa na hesabu ya mashine hutangazwa. Mawili hayaulizwi: je, programu zilizomo zinaruhusiwa kunakiliwa, na betri ikifa itanunuliwa kwa fungu la nani?

Programu huria kama Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta), LibreOffice (ya kuandikia hati), Kolibri na Kiwix (za masomo bila intaneti) husifiwa kwa kuwa hazilipiwi. Kwa shule ya kisiwani hilo ni dogo. Kubwa ni ruhusa ya kunakili. Kinachopakuliwa mara moja Amu mjini hutiwa kwenye diski, kikapanda boti hadi Faza kisiwani Pate, na kutoka Faza kikanakiliwa kwenda Kizingitini, bila kumwomba mtu idhini wala kununua bando la pili. Programu nyingi za leseni ya kulipia hutaka mashine ijisajili kwa intaneti. Mtandao usiposhika, mwalimu hubaki akidaiwa na skrini ufunguo wa leseni.

Mashine zenyewe zipo. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta zisizo na TPM 2.0 (kijisehemu cha usalama) hazipokei Windows 11 kwa utaratibu wa kawaida, ndipo ofisi zikawa zinazitoa. Yenye memori ya GB 4 yaifaa Linux Mint ya Xfce, toleo jepesi la Linux, ila hadi diski kuukuu itolewe, iwekwe SSD (diski ya kisasa yenye kasi) ya GB 120. Faili za walimu zinakiliwe kwanza. Kisha mashine iwashwe kutoka kwenye fleshi ya GB 8 na ijaribiwe kabla ya kusakinishwa: sauti inatoka? Wi-Fi inashika? Zipo kadi za Wi-Fi za Broadcom zisizoshika mpaka draiva ipakuliwe. Hapo simu huunganishwa kwa waya wa USB ikatoa mtandao.

Lalamiko la kwanza la walimu aghalabu si Linux yenyewe. Ni mtihani ulioandikwa kwa Word kufunguka mistari imevurugika. Sababu ni kukosekana kwa fonti (maumbo ya herufi) za Word. Zikitiwa Carlito na Caladea, ambazo upana wa herufi zake ni sawa na wa Calibri na Cambria, mistari mingi hurudi mahali pake. Karatasi ya kupigwa chapa ipelekwe ikiwa PDF, yaishe.

Kwa masomo bila intaneti, Raspberry Pi 4 moja (kompyuta ndogo ya bodi moja) na ruta huhudumia darasa. Kolibri hubeba video na mazoezi, Kiwix hubeba Wikipedia, hata ile ya Kiswahili, na wanafunzi huzifungua kwa kivinjari tu. Ruta ya bei nafuu hulemewa vifaa vikizidi. Watoto wagawanywe zamu. Tena Kolibri haikutungwa kwa silabasi ya Kenya. Mwalimu lazima achague masomo na kuyapanga wiki kwa wiki, na shule isiyomtengea saa za kazi hiyo itakuwa na maktaba isiyosomwa.

Sasa umeme. Pi na ruta hula kama wati 15. Kwa saa 8 ni wati-saa 120. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa (Ah) 50, ina wati-saa 600, lakini isishushwe chini ya nusu, basi zilizopo ni 300: siku mbili za mawingu ya masika. Paneli ya wati 100 yatosha kuijaza. Asije mtu akaitumia hesabu hiyo kwa kompyuta za mkononi. Kumi za wati 25, kwa saa 4, hula wati-saa 1,000, na sola iliyopimwa kwa taa za darasa haitastahimili. Betri yake itakufa mapema na lawama ipewe kompyuta.

Pi 4 hutaka volti 5 na ampea 3. Ikipewa chaja ya simu na waya mrefu mwembamba, volti hushuka, alama ya radi hutokea kwenye skrini, na mashine hujizimazima. Umeme ukikatika ghafla wakati memori kadi inaandikwa, kadi huharibika. Kwa hiyo data ikae kwenye SSD ya USB, na kadi ya pili yenye nakala ifungiwe kabatini. Pi 4 pia haina betri ya saa. Bila intaneti huwaka na tarehe iliyopitwa, na kazi za wanafunzi zikaandikwa siku zisizo zake. Moduli ya DS3231, saa ndogo yenye betri yake, huponya hilo. Kompyuta kuukuu inayosahau tarehe kila asubuhi huhitaji betri ya CR2032, ile bapa kama sarafu, tu, si fundi wa Mombasa.

Na chumvi. Jahazi hupandishwa pwani likatiwa kalafati upya, wala hakuna anayeona ajabu. Kompyuta inayopepewa na kusi nayo ifunguliwe kila muhula, vumbi lipeperushwe, meno ya memori yasuguliwe kwa ufutio mpaka yang'ae. Isifunikwe nailoni ikiwa inawaka, maana joto litaimaliza kabla ya kutu.

Chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwa kaunti, shule za msingi ni za serikali kuu, na betri haina mwenyewe. Hati ya msaada au ya zabuni iandike gharama ya betri ya pili na SSD za akiba kabla ya idadi ya mashine. Na nenosiri la msimamizi litiwe kwenye bahasha, mwalimu mkuu alipokee kwa sahihi siku ileile boksi linapofunguliwa.

Mafundi wa kompyuta,
Langoni, Amu