Shangazi, hilo haliulizwi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Miezi miwili hii nimesoma riwaya mbili, moja baada ya nyingine. Vuta n'kuvute ya Adam Shafi niliiazima kwa binti wa kaka yangu aliye kidato cha sita. Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kutafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobeli, nililetewa zawadi kutoka Dar es Salaam. Sikupanga kuzisoma pamoja, lakini zimekuja kama ndugu wa tumbo moja.

Katika Peponi, Yusuf, mtoto wa miaka 12, anapandishwa treni na tajiri Aziz akidhani anakwenda na jamaa yake. Ni Khalil, kijana wa dukani, anayemfumbua macho: huyu si nduguyo, uko hapa kwa sababu baba yako anadaiwa. Katika Vuta n'kuvute, Yasmin, msichana wa Kihindi wa Zanzibar, ameozwa Bwana Raza, mwenye duka aliyemzidi umri mbali sana. Wote wawili, wakubwa walishauriana faraghani, mtoto akaambiwa tu afunge mzigo wake.

Yusuf ni rehani. Neno hilo kwangu si la vitabuni. Mwaka nilipoingia kidato cha kwanza, mama aliweka bangili zake rehani ili nipate ada na godoro. Sikukuu ya Idi iliyofuata nilimwona akikuna nazi na mkono mtupu, na kila mara aliushika pale zilipokuwa, kama mtu anayetafuta saa. Bangili hazikurudi. Basi nilipofika pale Khalil anaposema, nilikifunga kitabu nikatoka nje kuanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Si kwamba kila kitu kimenipendeza. Safari ya Aziz kwenda bara ni ndefu, nami nilikuwa na hamu ya kurudi kwenye ile bustani yake yenye ukuta. Denge naye, mpenzi wa Yasmin katika Vuta n'kuvute, kwa harakati zake za kudai uhuru nampa heshima zote, lakini kwa mapenzi nisingemwozesha binti yangu.

Kilichonifanya nikuandikie ni ile nakala ya kuazima. Pembezoni imejaa penseli: “dhamira, ndoa za kulazimishwa”, “tashbiha”, “nafasi ya mwanamke”, na mahali fulani “LINATOKA SANA”, yaani kwenye mtihani, limepigiwa mistari miwili. Halafu unafika pale Yasmin, amemkimbia mume Mombasa na ndugu zake wamemkataa, anakwenda kwa Mwajuma kule Ng'ambo, mjini Zanzibar. Mwajuma hana kitu, wala si wa kabila lake, naye anampokea. Kurasa hizo ni nyeupe, hazina hata nukta.

Nilimuuliza binti, pale hukuguswa? Akanijibu kwa adabu kabisa, “Shangazi, hilo haliulizwi.”

Simlaumu yeye. Hata gazeti lako, Mhariri, likigusa riwaya huwa ni kwenye kurasa za wanafunzi: wahusika, mandhari, falsafa ya mwandishi, maswali matano. Sisi tuliomaliza shule zamani, tunaosoma tukisubiri wali uive, hatuna pa kuulizana kama Mwajuma alifanya vyema au alijitia matatani. Tupe hata robo ukurasa Jumapili, wasomaji waandike kitabu walichosoma na mahali kilipowashika. Wa kwanza nitakuwa mimi.

Kitabu cha watu nimekirudisha, mtihani umekaribia. Ila ukurasa ule wa Mwajuma nimeukunja pembe.

Shangazi mtu,
Tanga